Alama Ikitoweka

Alama ya betri kwenye kompyuta mpakato ni mchoro mdogo unaokaa pembezoni mwa upau wa chini wa kioo, jirani na saa. Humwonyesha mtumiaji chaji iliyobaki, na kama mashine inakula umeme wa ukutani au inakula akiba yake. Kuna siku mchoro huo hauonekani. Saa ipo, alama ya sauti ipo, ya mtandao ipo, ya betri haipo. Kiwira, mji wa njiani kati ya Mbeya na Tukuyu, katika wilaya ambayo mvua yake haina mapumziko marefu na radi yaweza kuuzima umeme katikati ya sentensi, pengo hilo dogo lina uzito wake. Mwenye stesheneri aliyeketi kuchapa barua ya mteja hajui kama umeme ukikatika amebakiwa na saa mbili au dakika mbili. Hapo huzuka maswali mawili. La kwanza ni la ufundi: mchoro umekwenda wapi, na utarudishwaje? La pili huja nyuma yake kimyakimya: je, betri yenyewe bado ipo? Swali hili la pili lina umri mkubwa kuliko kompyuta zote. Wanateolojia, wanafalsafa na wazee wa vijiji wameliuliza kwa maneno mengine: ishara isipoonekana, kunathibitika nini kuhusu kitu ambacho ishara hiyo ilikuwa ikikitangaza?

Jibu la ufundi linafaa litangulie, kwa sababu lina mpangilio ambao jibu la pili linauhitaji.

Betri haisemi. Ni seli za lithiamu zenye kemia ndani yake, na hakuna mahali ndani ya seli palipoandikwa asilimia. Kinachosema ni saketi ndogo iliyofungwa pamoja na seli hizo, ambayo hupima mkondo unaoingia na unaotoka, huangalia volti na joto, kisha hukadiria. Kadirio hilo huchukuliwa na kidhibiti kilicho kwenye ubao mama, nacho hulikabidhi kwa mfumo endeshi kwa kufuata kanuni za ACPI, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Ndani ya mfumo endeshi kuna kiendeshi cha betri, yaani programu ndogo inayopokea taarifa hiyo, na mwisho wa msafara kuna programu inayochora upau. Kwenye Windows inaitwa Explorer. Kati ya kemia na jicho, basi, habari imepita mikono minne. Kila mkono unaweza kuiangusha, na wowote utakaoiangusha, kinachoonekana kwenye kioo ni kilekile: pengo.

Ndiyo maana fundi mzoefu haanzi kwa kufungua mashine. Anaanza na mkono wa mwisho na kurudi nyuma. Kwanza anatazama ndani ya kile kimshale kidogo cha upau, kwa kuwa alama huweza kuwa imefichwa humo tu. Kisha anaizima Explorer na kuiwasha upya kupitia Task Manager, maana mchoraji akikwama, michoro yake hukwama naye. Halafu anaingia kwenye mipangilio ya upau. Katika Windows 10 kuna orodha ya alama za mfumo, na mbele ya neno Power kuna swichi ambayo mtu anaweza kuwa ameizima bila kukusudia. Katika Windows 11 alama ya betri imefungwa fungu moja na ya sauti na ya mtandao. Swichi ikiwa imefifia na haikubali kubonyezwa, hiyo nayo ni habari: huenda mchoraji hana kosa, ila hajapewa cha kuchora. Fundi anahamia Device Manager, anafungua sehemu ya betri, anakizima kiendeshi na kukiwasha tena, au anakiondoa na kuiwasha mashine upya ili mfumo ukitafute wenyewe. Kompyuta za ofisi zina uwezekano mmoja zaidi, kwamba msimamizi wa mtandao ameweka sera inayoficha alama hiyo kwa wote. Yakishindikana yote haya, ndipo betri yenyewe inaposhukiwa. Amri ya powercfg /batteryreport huandika ripoti inayoonyesha uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo iliobaki nao, na betri iliyochoka hujulikana humo bila kubahatisha.

Utaratibu huu umebeba fikra moja nzito: kitu chenyewe hushukiwa mwisho. Katika mambo ya imani watu wengi hufuata njia ya kinyume. Mgonjwa aliyeombewa hakupona, mvua iliyoombwa haikunyesha, moyo uliokuwa ukiwaka wakati wa ibada umepoa, na papo hapo hukumu inatolewa juu ya Mungu, kabla hata ya kuuliza kama ni mchoraji aliyekwama, mjumbe aliyeanguka njiani, au jicho lililokuwa likitazama kona isiyo yenyewe.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya, nayo yanastahili kutenganishwa hapa. Dalili huzaliwa na kitu chenyewe: mawingu ni dalili ya mvua, homa ni dalili ya ugonjwa, na hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Ishara hutolewa na mwenye nia: mtu hupunga mkono, kengele ya kanisa hugongwa, mwadhini huita. Alama huwekwa juu ya kitu ili kitambulikane, kama chapa ya ng'ombe au rangi kwenye gunia la viazi. Mto Kiwira wenyewe una mahali ambapo maneno haya yamepandana. Mto huo unapita chini ya mwamba mpana uliolala kama daraja kutoka ukingo hadi ukingo. Mwamba ule ni dalili ya lava iliyowahi kutiririka na kuganda. Jina lake, Daraja la Mungu, ni alama iliyowekwa na watu. Na wapo ambao hadi leo wakisimama juu yake huupokea kama ishara.

Mchoro wa betri nao una nyuso tatu. Umbo lake ni alama, kwa kuwa kuna mbunifu aliyeamua uwe hivyo. Kiwango kinachojaa na kupungua ndani yake ni dalili, kwa kuwa hufuata chaji kupitia ule msafara wa mikono minne. Mtumiaji naye huupokea kama ishara, kana kwamba mashine imemwambia jambo. Kwa hiyo mchoro ukitoweka, lazima iulizwe ni kipi hasa kilichotoweka. Alama imeondoka. Dalili ingali huko ndani, saketi inaendelea kuhesabu. Ishara imekatika kwa sababu haina tena pa kutokea. Kwa lugha ya dini, ufunuo umenyamaza ilhali uumbaji unaendelea. Tofauti hiyo ni kubwa, na inasikitisha kwamba mabishano mengi juu ya kuwapo kwa Mungu huipita bila kuigusa.

Katika Uislamu tofauti hiyo imehifadhiwa ndani ya neno moja. Aya, kwa Kiarabu, maana yake ni ishara. Jina hilohilo hupewa kipande cha Kurani na hupewa vilevile usiku na mchana, mvua inayoifufua ardhi, na hata kutofautiana kwa lugha na rangi za wanadamu. Mwanzoni mwa Sura ya Al-Baqara, kuamini ghaibu kunatajwa miongoni mwa sifa za kwanza za wachamungu. Mambo hayo mawili hushikana: kinachoaminiwa hakionekani, lakini ulimwengu wote umejaa habari zake. Kwa mpangilio huo, ishara haziwezi kuisha. Kinachoweza kuisha ni uwezo wa kuzisoma.

Jina la kitaalamu la mchoro wa betri, ikoni, lilitoka kanisani. Aliyelileta kwenye kompyuta ni David Canfield Smith, katika tasnifu yake ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1975. Baadaye alikuwa miongoni mwa waliobuni kompyuta ya Xerox Star, iliyotoka mwaka 1981. Smith alieleza kwamba alilichukua neno hilo kutoka kwa Waorthodoksi wa Urusi, ambao kwao ikoni ya mtakatifu hubeba kitu cha utakatifu wa yule aliyechorwa, ikapita kiwango cha picha ya kawaida. Alitaka michoro ya kompyuta iwe na sifa hiyo, kuugusa mchoro kuwe ni kukigusa kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mafaili: mtu akiuburuta mchoro hadi kwenye kapu la taka, faili lenyewe limekwenda. Alama ya betri haina uwezo huo. Kuifuta hakuiondoi betri, na kuirudisha hakuongezi chaji hata ya sekunde moja.

Kanisa la Mashariki lilikuwa limelipitia jambo hili kwa machozi, karne nyingi kabla. Katika karne ya 8 wafalme wa Konstantinopoli waliamuru picha takatifu ziondolewe. Yohane wa Dameski, aliyeishi chini ya utawala wa Waislamu, mahali ambapo mkono wa mfalme haukumfikia, aliandika kuzitetea: heshima inayotolewa kwa picha hupita na kumwendea aliyechorwa, na ubao na rangi haviabudiwi. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulikubaliana naye. Ugomvi ukazuka upya, hadi mwaka 843 ikoni ziliporudishwa moja kwa moja, tukio ambalo Waorthodoksi hulikumbuka kila Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Ni vigumu kusoma historia hiyo bila kuona kwamba walioondoa picha na waliozirudisha walikuwa wakimwabudu Mungu mmoja. Ugomvi wao ulikuwa juu ya kioo. Lakini Yohane alikuwa na hoja ya pili, nayo ndiyo yenye nguvu: Neno alipofanyika mwili alikubali kuonekana, na kitu kikishakubali kuonekana, kuikataa picha yake ni kuikataa habari iliyotumwa. Kioo, basi, hakiwezi kudharauliwa. Betri inaweza kuishi bila alama, lakini mwenye betri anapata shida kuishi hivyo.

Wanaokaa chini ya Mlima Rungwe wana zoezi la swali hili karibu kila wiki ya masika. Mlima huo una urefu wa karibu mita 2,960, na ukungu unaweza kuumeza wote, kuanzia migomba ya kwanza hadi kileleni, kwa siku kadhaa. Hakuna mtu Kiwira anayeamka, akatazama weupe mtupu, akasema mlima umeondoka. Mfano huo hata hivyo ni mwepesi mno, kwa sababu mlima ulionekana juzi na utaonekana kesho. Kigumu zaidi ni kitu ambacho hakijawahi kuwa na alama popote.

Msitu wa Rungwe ulikuwa na kitu cha namna hiyo. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kima mmoja wa juu mitini, mwenye nywele zilizosimama utosini na mlio wa ajabu, wakimwita kipunji. Mwaka 2003 habari zake ziliwafikia watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society waliokuwa wakifanya kazi na Tim Davenport. Watafiti hawakuwa na hakika nazo, kwa kuwa masimulizi ya Wanyakyusa huwataja wanyama wa kweli na wanyama wa kiroho bila kuwatenga. Kabla ya mwaka huo kwisha walimwona wazi. Mwaka 2005 alitangazwa katika jarida la Science kuwa spishi mpya, na mwaka 2006 akawekwa katika jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, iliyobeba jina la mlima. Hadi mwaka 2005 orodha ya sayansi ilikuwa na pengo mahali pake, na muda wote huo mnyama alikuwa mtini, akila na kuzaa. Mkono uliokuwa umekatika ulikuwa wa katikati: kati ya mwindaji aliyemjua na kitabu ambacho hakikumtaja, hakukuwa na mtu wa kubeba habari.

Kisa hicho kinafundisha mambo mawili, na la pili husahauliwa. Kutoandikwa hakumwondoi mnyama msituni. Lakini si kila kiumbe cha masimulizi ya msituni kilichopatikana kikiwa mtini. Kipunji alipatikana kwa sababu kulikuwa na mahali pa kumtafuta, watu wakaenda, wakaketi chini ya miti, wakasubiri. Anayesema kitu kipo ingawa hakionekani ana wajibu wa kueleza pa kukitafuta.

Mkono wa katikati, ule wa mjumbe, una historia ndefu Rungwe. Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika habari za abamanga, watetezi wa kijiji walioaminika kuwaona wachawi usiku katika ndoto na kupambana nao. Mwanakijiji wa kawaida hakuona lolote. Alichokuwa nacho ni dalili, labda homa au mtoto asiyekua, na tafsiri aliipata kwa waonao. Kijiji kizima kilitegemea kiendeshi kimoja. Dini zenye mitume na manabii ziko katika hali hiyohiyo, na hakuna aibu katika kulikiri: sehemu kubwa ya anachokijua mwamini amekipokea kwa mkono wa mtu. Hivyo imani isiyotaka kuuchunguza uaminifu wa wajumbe wake imeliacha wazi pengo lililo rahisi kuliko yote kuingiliwa na uongo.

Kuna pia kanisa lililoizima ishara kwa hiari. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, kwa vizazi kadhaa walipiga kura ili kuyajua mapenzi ya Kristo: nani ateuliwe, nani atumwe nje, hata nani amwoe nani. Kura ile ilikuwa ni kioo chao. Kidogo kidogo matumizi yake yalipungua, na Sinodi Kuu ya mwaka 1889 iliifuta. Miaka miwili baadaye, 1891, wamisionari wa kanisa hilohilo walifika Rungwe. Walitoka katika jamii ambayo babu zao walipata jibu la ndiyo au hapana kutoka kwenye kikaratasi, nao wakaja milimani bila chombo hicho. Hawakudhani kwamba Kristo ameacha kuwaongoza.  Masalio ya desturi hiyo yamo katika Neno la Siku, kitabu kidogo kinachotolewa tangu mwaka 1731, ambacho hadi leo mistari yake ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura Herrnhut.

Hadi hapa kilichozungumzwa ni alama isiyokuwapo wakati kitu kipo. Upande wa pili ni wa hatari zaidi: alama ipo, inang'aa, na haisemi kweli. Mwenye kompyuta ya zamani anaufahamu vizuri. Kioo kinaandika asilimia 40, ghafla mashine inazima. Saketi ilikuwa ikikadiria kwa kumbukumbu ya betri ilipokuwa mpya, na betri imezeeka bila saketi kujua. Tiba ya kawaida ni kuijaza chaji hadi mwisho, kuiacha iishe, na kuijaza tena, ili kipimo kijifunze upya mipaka ya kitu chake. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alianza safari yake ya kutafuta yakini kwa shaka ya namna hii. Jicho huiona nyota ndogo kama dinari, na hesabu za jiometri zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Jicho likikosolewa na akili, aliuliza, ni nani atakayeikosoa akili? Hakusema jicho litupwe. Alitaka kila kipimo kiwe na kipimo kingine cha kukisahihisha, na mwishowe aliona kwamba hata mnyororo huo hauwezi kujishikilia wenyewe bila nuru kutoka kwa Mungu.

Namna nyingine ya alama kupotosha ni waya wake kuhamishwa nyuma ya kioo. Okot p'Bitek wa Uganda alieleza jinsi mapadre wa Kiitaliano, mwaka 1911, walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba lenye maana ile ya padre, hivyo swali likawafikia kama nani aliyewafinyanga. Wazee wakakumbuka kwamba kuna watu ambao migongo yao hupinda kwa maradhi, na afanyaye hivyo ni jini aitwaye Rubanga. Wakajibu: Rubanga. Jina la mpinda migongo likaingia katika sala kuwa jina la Mungu. Kuhusu Rungwe, Wilson alishikilia kwamba Kyala, jina la Mungu katika Biblia ya Kinyakyusa, hapo kale lilikuwa la shujaa aliyefanyiwa matambiko, mmoja miongoni mwa kadhaa, kabla ya wamisionari kulipandisha. Hoja hiyo yaweza kubishaniwa. Hata ikikubaliwa, haifuati kwamba bibi wa Kiwira anayesali kwa Kyala leo anamwita mtu asiye Muumba. Hapa jina na alama ya betri vinaachana. Alama ya betri huunganishwa na kitu chake na mtengenezaji, mara moja, kiwandani. Jina huunganishwa na wanaolitumia, kila wanapolitumia, na vizazi vilivyolia, vilivyoshukuru na kuzika kwa jina la Kyala vikimkusudia aliyeumba mbingu na nchi vimeufunga waya huo upya. P'Bitek alikuwa na haki ya kuwakasirikia mapadre wasiosikiliza jibu. Lakini kosa la siku ya kwanza haliwezi kudumu kuwa maana ya neno milele.

Ikiwa alama ikikosekana haithibitishi kitu, na ikiwapo yaweza kudanganya, lazima pawe na jaribio lisilopitia kioo. Kwa betri lipo, na ni jepesi: chomoa chaja. Mashine ikiendelea kuwaka, betri ipo na ina kitu, hata upau ukae kimya. Ikizima papo hapo, haina kitu, hata upau uandike mia kwa mia.

Kitabu cha Ayubu kimejengwa juu ya jaribio hilo. Hoja ya mshitaki katika sura za kwanza ni kwamba uchaji wa Ayubu unaendeshwa na umeme wa ukutani: amezungushiwa ulinzi, mifugo imejaa, watoto wapo, chomoa, na itaonekana kama kuna kitu ndani. Chaja ikachomolewa. Yanayofuata, kwa sehemu kubwa ya kitabu, ni mtu aliyekaa gizani bila ishara yoyote, akiidai kwa sauti kubwa. Rafiki zake watatu, na baadaye Elihu, wanaisoma dalili kwa mkato: msiba upo, kwa hiyo dhambi ipo. Mungu anapozungumza hatimaye, kutoka katika tufani, haelezi sababu ya msiba, lakini anasema waziwazi kwamba wale watatu hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Aliyelalamika kwamba haoni kitu anahesabiwa mkweli kuliko waliojifanya wanaona. Waislamu nao humheshimu Ayubu kama nabii wa subira, na katika Kurani anamlilia Mola wake kwamba dhara limemgusa. Katika mapokeo yote mawili, kulia kwamba alama haipo hakujahesabiwa kuwa ni kuikana betri.

Jaribio hili lina mpaka ambao mtetezi wa dini anapaswa kuutaja kabla hajaulizwa. Kuchomoa chaja hupima kilichomo ndani ya mashine, hakupimi kituo cha umeme. Msiba wa Ayubu ulipima imani ya Ayubu. Kuwapo kwa Mungu hakukupimwa humo. Mtu anaweza kustahimili gizani kwa ujasiri wake tu, na mwingine akaanguka ilhali alichokiamini ni kweli. Mlinganisho wa betri unafika ukingoni hapa, kwa sababu betri ni kitu kimoja kati ya vitu, kinachoweza kutolewa na kuwekwa mezani, na hakuna mapokeo makubwa ya dini yanayomfundisha Mungu kuwa kitu cha namna hiyo. Ulichonacho mlinganisho huo ni nidhamu ya kuuliza: pengo limeonekana wapi, habari ilipita kwa nani, imekatikia mkono upi, na nini kingetokea bila kioo.

Nidhamu hiyo inadai uwezekano mmoja wa mwisho uachwe wazi. Betri ya lithiamu ikichakaa huweza kuvimba, ikasukuma kibodi juu na kuupasua mfuniko wa chini. Fundi mwenye busara huitoa mara moja, kwa hofu ya moto, na mmiliki asiye na pesa ya kununua nyingine huendelea kuitumia mashine kwa chaja peke yake. Baada ya hapo alama ya betri haionekani tena kama ilivyokuwa, au huonekana ikiwa na msalaba, na hakuna mpangilio, kiendeshi wala sera ya kulaumiwa. Anaweza kutokea mtu wa kuweka programu ya kuchora betri iliyojaa pale pembeni, na mteja akaridhika kwa wiki mbili. Watu wa namna hiyo wamekuwapo katika kila dini: mahali ambapo kitu kimeondoka, wao hurudisha mchoro, na wanaoutazama huacha kutafuta. Katika mashine iliyotolewa betri, pengo kwenye upau ndiyo taarifa sahihi pekee iliyopo, na fundi mkweli humweleza mwenyewe hivyo na kuliacha pengo lilivyo. Umeme wa Kiwira ukikatika, kioo huwa cheusi palepale. Mchapaji anayeijua hali ya mashine yake huhifadhi kazi kila baada ya aya moja.